Tabita Binti Yonasi, Mama Aliyekataa Kumfukuza Mwanawe

Wasifu kama ulivyosomwa makaburini na bintiye, Ferista Kefa Simkoko, Jumamosi tarehe 17 Machi 1956

Mchungaji Andongwisye, wazee wa kanisa, ndugu wa Iyula na Vwawa, nanyi mliovuka mpaka pale Tunduma kuja kuzika nasi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mnajua kwamba katika usharika wetu wasifu husomwa na mwanamume wa ukoo. Leo nasoma mimi, Ferista, mtoto wake wa mwisho, mkunga wa zahanati, kwa sababu mama aliagiza hivyo na kwa sababu mwandiko ni wangu. Yeye alisema, mimi nikaandika, siku kumi na moja, akiwa amelala ubavu. Karatasi mlizopewa getini zilichapwa jana katika ofisi ya chama chetu cha kahawa, na katibu wa chama, Mzee Efraimu Halinga, ambaye pia ni mzee wa kanisa hili, aliona vema kupunguza maneno. Alipunguza aya nne, na nyingine mimi sikumpelekea kabisa. Mkisikia nasoma msiyoyaona, msidhani mmepewa karatasi mbovu.

Jambo moja mlijue kabla sijaanza. Juzi jioni halmashauri ya wazee iliruhusu mama azikwe hapa, ila bila kengele, na ikaamuru kaka yangu Damiano asivuke ua wa makaburi kwa kuwa ametengwa na kanisa. Mama naye aliagiza udongo wa kwanza utupwe na Damiano. Kwa hiyo maneno ya kufunga wasifu, yale ambayo yasiposemwa wachimbaji hawashiki sepetu, sitayasema mpaka kaka yangu awe amesimama hapa kando ya shimo. Sauti ninayo, na asubuhi nimekunywa uji wa kutosha.

Marehemu Tabita alizaliwa Iyula, mtoto wa kwanza wa Yonasi Haonga na mkewe Elizabeti. Kitabu cha ubatizo kinasema mwaka 1902. Yeye mwenyewe alisema kitabu kimempunja miaka miwili, kwa kuwa bibi wa Kizungu aliyeandika alimtazama meno tu na hakumwuliza mtu. Walizaliwa sita kwa Mzee Yonasi. Aliyebaki ni mama mdogo Marita, huyo mnayemwona amekaa chini na khanga nyeusi, ambaye hajanyanyua kichwa tangu asubuhi.

Alianza kusoma kwenye shule ya misheni mwaka 1911 na akabatizwa siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1914. Kisha vita vikaja, wamisionari wakachukuliwa, shule ikageuzwa stoo ya mahindi ya jeshi. Kuandika hasa alijifunza mwaka 1928, mtu mzima, katika darasa la akina mama, mimi nikiwa mgongoni. Barua yake ya kwanza kabisa alimwandikia mumewe, aliyekuwa amekaa chumba cha pili akinoa jembe. Iliandikwa: "Kefa, chumvi imekwisha." Baba aliisoma, akainuka, akaenda dukani. Tulipomvua koti siku aliyofariki tuliikuta barua hiyo mfuko wa ndani.

Ndoa yao ilifungwa tarehe 20 Novemba 1919. Baba, Kefa Simkoko, alikuwa amerudi kutoka vitani alikokuwa mpagazi, na kidole kimoja cha mguu alikiacha huko. Walipata watoto watatu. Damiano alizaliwa tarehe 4 Agosti 1920. Luka alizaliwa 1923, akafa kwa surua kabla hajaota meno. Mimi nilizaliwa 1927. Baba alifariki tarehe 9 Juni 1938 kwa nimonia, ugonjwa wa juma moja, na mama hakuolewa tena ingawa walikuja watatu kuuliza. Alisema mwanamume wa kumwandikia barua alikwisha kumpata.

Kazi yake ilikuwa kahawa. Baba alimwachia miti mia moja, yeye akaifikisha mia tatu na kumi na mbili. Alichuma, akakoboa, akaosha na kuanika kwenye vichanja alivyosuka mwenyewe kwa matete, na mvua ikianza kunukia alifunika kabla jirani hajaangalia juu. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuandikwa katika chama chetu. Kahawa ikiisha msimu, alibeba maharage kichwani hadi Tunduma, akarudi na chumvi na vitambaa. Mkono wake haukujua kukaa. Hata wasiompenda walikubali hilo, na wasiompenda naona leo wamekuja wote.

Hapa ndipo karatasi zenu zinaruka. Zinasema "baadaye marehemu alipata majaribu ya nyumbani," halafu zinakwenda moja kwa moja kwenye ugonjwa. Majaribu hayo yana jina, na jina lake ni bangi.

Damiano alikwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Saza mwaka 1941, akiwa na miaka ishirini na mmoja, kijana mwenye kifua na kicheko. Huko wachimbaji walivuta ili giza na vumbi viwapite haraka. Alirudi mwaka 1945, na aliyerudi hatukumjua. Alikuwa mtu wa kucheka peke yake asubuhi na kutetemeka jioni. Alianza kwa kuuza nguo zake. Akauza koti la baba, sufuria mbili, jembe, na vichanja vya kahawa kahawa ikiwa bado juu yake. Februari 1948 mama alitoka shambani akakuta Damiano ameng'oa mlango wa nyumba na kwenda kuuuza Vwawa. Alitundika mkeka mlangoni, akapika ugali, akamwekea mwanawe sehemu yake.

Nisije nikawadanganya kwamba mama alikuwa malaika. Alimpiga kwa mwiko hadi mwiko ukakatika. Mwaka 1946, kwa ushauri wa watu wenye busara zao, alimfunga kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya ng'ombe siku nne, ili bangi imtoke. Haikumtoka. Kilichotoka ni ngozi ya mikono, na mama mpaka anakufa hakuweza kuitazama mikono ile. Alimwambia mara nyingi kwamba heri angekufa yeye Luka akabaki. Aliyasema hayo saa za hasira, na saa ya pili yake alikuwa anampasha uji.

Mwaka 1947 Damiano alipotea miezi mitatu. Mama alitembea hadi Tunduma, akalala kwa shangazi Enesi, akazunguka soko akiuliza kila mtu. Mfanyabiashara mmoja wa kabila la Wabemba, wa upande wa pili wa mpaka, alimwonea huruma, akamwita mayo, yaani mama, akamwambia, "Mayo, mwanao yuko kwetu, nyuma ya kilabu, lakini usimchukue leo, hajitambui." Mama akajibu, "Nilimchukua siku aliyozaliwa, na siku hiyo pia hakuwa anajitambua." Akamvusha mpaka, amemshika mkono mtu wa miaka ishirini na saba, sokoni, mchana, watu wakicheka. Mimi nilikuwepo. Niliona aibu siku ile, na leo naona aibu kwamba niliona aibu.

Sasa sikilizeni kosa la mama, maana alifanya kosa moja kubwa na mwenyewe aliniamuru niliandike. Alimpeleka mwanawe kwa mzee wa kanisa.

Ndivyo tulivyofundishwa. Mwana akikushinda, unampeleka kwa mzee wa kanisa, anakaa kwake, analima kwake, anasikia neno asubuhi na jioni mpaka atengemae. Januari 1949 mama alibeba kuku wawili na unga mweupe, akampeleka Damiano kwa Mzee Efraimu. Mzee alipokea kwa mikono miwili. Akamwambia, "Mama Damiano, umefika kwenye kivuli. Huyu sasa ni mwanangu. Usimtembelee mara kwa mara, utamlegeza." Mama alitii. Alipita mbali na nyumba ile miaka miwili na zaidi, akimwona mwanawe kanisani tu, kiti cha nyuma, mwembamba kuliko alivyompeleka. Akiuliza, anajibiwa kwamba shetani hatoki kwa siku moja. Naye aliamini, kwa sababu aliyemjibu ndiye aliyeshika sahani ya Meza ya Bwana.

Septemba 1951 askari walimkamata Damiano njiani, karibu na daraja, na gunia la bangi begani. Alifungwa miezi sita Mbeya, kazi ngumu. Mzee Efraimu alisimama kanisani akalia machozi, akasema amemfuga nyoka ndani ya nyumba yake bila kujua. Halmashauri ikamtenga Damiano. Kisha wazee wanne walikuja nyumbani kwetu, Mzee Efraimu akiwa msemaji, kumwambia mama kwamba kijana akitoka jela asipokelewe. Nilikuwa nakoroga chai, nilisikia kila neno.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, mama Damiano," alisema Mzee Efraimu. "Sisi hatukulaumu, ila sasa mfungie mlango."

Mama akamwambia, "Mlango aliuuza mwaka wa arobaini na nane."

Mmoja wa wazee alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Efraimu hakucheka. Akasema kwamba anayemhifadhi aliyetengwa anashiriki dhambi yake, naye achague kati ya mwana na kanisa. Mama akasema yeye hakuzaa kanisa. Basi kuanzia Jumapili tarehe 7 Oktoba 1951 Tabita binti Yonasi, aliyebatizwa kabla nusu ya wazee hao hawajazaliwa, aliondolewa kwenye Meza ya Bwana. Kila siku ya Meza alitoka nje pamoja na watoto wadogo. Lakini hakwenda nyumbani. Alikaa nje penye dirisha la upande wa Mzee Efraimu, kwenye kigoda, akamtazama anavyopitisha sahani. Alifanya hivyo miaka minne na miezi mitano, na Mzee hakuwahi kuomba dirisha lifungwe, maana angeulizwa kwa nini.

Mwanzoni alimtazama kwa uchungu tu. Alianza kumtazama kwa kujua mwaka 1953.

Damiano alikuwa ametoka jela, amerudi kwetu, amerudi na kuvuta. Mama alikuwa na desturi ya kumpekua mifuko akilala. Kila kifurushi alichokikuta, cha majani yaliyofungwa kwenye ganda la hindi, alikichoma jikoni, ila uzi uliokifunga aliutia kwenye kopo la majani ya chai. Hakuwa na sababu, alisema. Mkulima hatupi uzi. Februari mwaka ule ilifika siku ya akina mama wa usharika kupalilia shamba la mzee wa kanisa, kama tunavyofanya kwa kila mzee kila mwaka. Zamu ilikuwa ya Mzee Efraimu. Akatugawia mistari ya juu, akasema, "Bondeni msishuke, kuna nyoka." Mama alishuka kuchota maji ya kunywa. Huko chini, katikati ya mahindi, kila baada ya mstari wa hindi alikuta mstari wa bangi, umepaliliwa vizuri, umetiwa samadi. Akapanda juu na maji yake. Akamaliza mstari wake, akashiriki sala ya kufunga, akaondoka.

Alipofika nyumbani akamwaga lile kopo mkekani. Nyuzi zote zilikuwa za bluu. Wanachama mnaujua uzi huo. Ni uzi wa kushonea magunia ya kahawa, umetiwa rangi ili magunia yetu yajulikane yakifika Mbeya. Hauuzwi dukani. Unakaa kwenye kabati la ofisi ya chama, na ufunguo wa kabati unakaa mfukoni mwa katibu. Ndiyo, Mzee, huo uliotia mkono kuushika sasa hivi.

Mama akamwamsha Damiano. Akamwonyesha nyuzi. Akamwuliza, "Ulipokuwa kwake, alikulipa nini?"

Damiano akaokota uzi mmoja. Kisha akasema, "Hiyo hiyo, mama. Kifurushi asubuhi ili nilime, kifurushi jioni ili nirudi kesho. Yeye havuti. Hajawahi hata kuonja."

"Na gunia ulilokamatwa nalo?"

"Alinituma nilipeleke machimboni Saza. Akasema nikimtaja, nani atamwamini mvuta bangi dhidi ya mzee wa kanisa. Nikaona ni kweli."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na sisi nguo hiyo tuliivaa Jumapili. Mama yangu alimtoa mwanawe kwa mikono yake, na kuku wawili juu, akampeleka kwa mwenye kumwua. Alimshukuru mtu huyo miaka miwili. Alimwombea. 

Mtaniuliza kwa nini hakusema. Nami nilimwuliza, tena kwa ukali. Akaniambia, "Nikimshitaki mwenye shamba, wa kwanza kufungwa ni aliyelima. Damiano akirudi jela anavuta, atafia huko. Ngoja kwanza awe mtu. Mtu akiwa mtu, ataamua mwenyewe kama anakwenda." Miaka mitatu aliyokuwa amebakiza alifanya kazi moja tu, kumfanya Damiano awe mtu, na kazi ya pili ambayo hakuiambia halmashauri, kumngoja Mzee Efraimu.

Alibadilisha malezi. Hakumpiga tena, hakumfunga, hakumpekua. Hakumwuliza tena, "Umevuta?" Alimwuliza, "Umekula?" Chungu cha uji kilikaa mafigani tangu asubuhi hadi jioni, na mtu yeyote aliyemcheka alikaribishwa bakuli. Damiano aliacha mara mbili akarudi mara mbili. Mara ya pili alikaa Tunduma majuma matano, na mama hakumfuata. Alisema safari hii njia anaijua mwenyewe. Akarudi mwenyewe, Agosti 1955, akakuta mama amelala mchana, jambo ambalo hakuwahi kuliona maishani. Hajavuta tangu siku hiyo. Ni miezi saba. Siwaambii amepona, mimi ni mkunga si nabii. Nawaambia tu kwamba ndiye aliyembeba mama kwenda chooni, ndiye aliyemwosha, ndiye aliyemchemshia maji, na mikono yake haikutetemeka.

Ugonjwa wa mama ulikuwa uvimbe tumboni. Ulianza Julai 1955. Mwezi Januari mwaka huu tulimpeleka hospitali Mbeya, akakaa siku kumi na tisa, daktari akatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani. Alirudi juu ya lori la magunia, akimwambia dereva apunguze mwendo kwenye mashamba aone kahawa ya watu. Aliikosoa karibu yote. Machi ilipoingia hakula tena, na ndipo aliponiambia nilete daftari.

Juma lililopita Mchungaji alikuja kumwombea. Mchungaji, nakuheshimu, ulikuja kila ulipoitwa na hukuwahi kumsema vibaya. Ulimwuliza, "Mama Tabita, umewasamehe wote?" Akakujibu, "Nimewasamehe." Ulipotoka, kabla hujafika kwenye migomba, aliniita. Akasema, "Andika. Nimemdanganya Mchungaji, namwomba radhi. Si wote. Waliosema nimelea vibaya, nimewasamehe, hawakujua. Waliocheka Tunduma, nimewasamehe. Aliyemlisha mwanangu bangi asubuhi na jioni, kisha akaja nyumbani kwangu kunifundisha malezi, huyo simsamehe. Nakwenda kwa Mungu nikiwa simsamehe, na Mungu akiniuliza nitamweleza. Isome mbele yake. Isome polepole." Mchungaji, hayo ni maneno ya marehemu, na mimi nimeyasoma polepole.

Alifariki Alhamisi tarehe 15 Machi 1956, saa nne asubuhi, kichwa chake kikiwa mkononi mwa Damiano. Neno lake la mwisho kwake lilikuwa, "Umekula?" Damiano akasema amekula. Hakuwa amekula.

Mzee Efraimu, naona umeshika kofia. Kaa. Wewe ndiye uliyetufundisha katika darasa la kipaimara kwamba wasifu ukisomwa hakuna anayeondoka, na anayeondoka amemkana marehemu mbele ya usharika mzima. Tena hakuna mahali pa kwenda. Wenzako wa halmashauri wamekuwa wakitazama huku na huku tangu nianze, wanamtafuta kaka yangu, huyo wanayemwita mwanaharamu, nje ya ua, wanafikiri amelala mtaroni. Hayuko mtaroni.

Jana asubuhi Damiano na mimi tulikwenda kwenye baraza la Mwene, chifu wetu. Mimi nilibeba kopo la nyuzi. Yeye alijibeba mwenyewe. Akamwambia karani, "Bangi ya bondeni niliipanda mimi, kwa amri ya mwenye shamba, na mwaka huu imepandwa tena na vijana wengine wawili ambao mama zao wamewaleta watengemae. Nitawaonyesha mistari." Karani akamwuliza kama anajua kwamba na yeye huenda akafungwa. Akajibu, "Najua. Mama alinambia nitaamua mwenyewe, na nimeamua. Naomba mikono yangu ifunguliwe mara moja tu, nimzike." Karani ni mtu mzima, naye ana mama. Akatuma habari kwa askari wa Boma.

Shida ilikuwa moja. Shamba la Mzee haliingiliki akiwepo. Ana mbwa, ana maneno, na kabla askari hawajafika mtoni kila kitu kingekuwa kimeng'olewa na kutupwa majini. Ilihitajika saa moja ambayo Mzee Efraimu Halinga hatakuwa nyumbani, wala mkewe, wala vijana wake, saa moja ambayo atakaa kiti cha mbele asiweze kuinuka. Saa hiyo ni hii. Mama aliihesabu kitandani. Alisema, "Nikifa atakuja, lazima aje, atataka aonekane. Mwekee kiti cha mbele, halafu wewe soma." Ndiyo sababu wasifu huu umekuwa mrefu, ndugu zangu. Mniwie radhi mliosimama juani.

Wale wenye macho mazuri watazame njia ya kutoka mtoni. Wanakuja watu wanne. Wa kwanza ni karani wa Mwene. Wawili ni askari, na wamebeba majani mabichi kwa matita, hata mimi nayaona kutoka hapa. Wa nne ni mtoto wa marehemu. Mmemwamuru asivuke ua. Anayetaka kumzuia na aende sasa akamzuie mbele ya askari, akamweleze kwamba mwenye kustahili kuingia makaburini ni yule aliyeko kiti cha mbele. Naona hamna anayekwenda. Basi ondokeni njiani, mpisheni. Marita, mama mdogo, inua kichwa umwone.

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume, Damiano Kefa Simkoko, anayevuka ua sasa hivi. Ameacha binti mmoja, mimi Ferista, na wajukuu wanne. Ameacha dada mmoja, Marita, na wifi mmoja, Enesi wa Tunduma. Ameacha miti mia tatu na kumi na mbili ya kahawa, ambayo nitaitunza mimi kaka akifungwa, na akitoka ataikuta.

Kaka, karibu. Sogea hapa karibu na mama. Karani amesema utafunguliwa mikono, naona wamekufungua. Chukua udongo, huo wa kulia ni laini. Usiharakishe. Watu wote hawa wamekungoja, watangoja kidogo tena.

Ametupa. Mmeona wote kwamba ametupa.

Bwana umpokee mtumishi wako Tabita binti Yonasi, mama yetu, apumzike kwa amani. Nanyi askari, mnayemtafuta ni yule mwenye koti la kijivu.